Mlezi Alipougua Figo: Uchambuzi wa Kisa cha Klabu ya Roboti, Malindi

Kabla ya kusoma

Majina ya watu, shule na mitaa yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa maana yamegeuzwa ili mhusika asitambulike. Mlezi mwenyewe na mkewe waliisoma rasimu na kuridhia itolewe. Nilikuwa mmoja wa watu wazima waliosaidia, kwa hiyo mengi ya hapa niliyaona kwa karibu. Nawaandikia walimu, wazazi na wanafunzi wa klabu kama hizi, kwa kuwa nyingi husimama juu ya mtu mmoja anayejitolea, na mtu huyo anaweza kuugua kama mtu mwingine yeyote.

Usuli

Klabu ina takriban wanafunzi 30 kutoka shule tatu za mjini Malindi. Hukutana Jumamosi katika darasa la kuazima lenye meza nne, soketi mbili zinazofanya kazi, na sanduku la vifaa ambavyo vingi vimeng'olewa kwenye redio na printa mbovu. Mlezi hajaajiriwa na shule yoyote. Ni fundi wa elektroniki, baba wa watoto watatu, anayejipatia riziki kwenye kibanda cha kutengeneza feni, redio na simu. Wanafunzi humwita Mwalimu, na mke wake wanamwita Mama.

Kila anayejiunga, Mlezi humkaribisha kwa habari moja. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. "Ilirukia hapa hapa kwetu," huwaambia, kisha humkabidhi mgeni bisibisi na redio iliyokufa aifungue. Nimewaona watoto wa kidato cha kwanza wakiikodolea macho redio ile kana kwamba ndani yake kuna roketi.

Mradi wa mwaka ule ulikuwa ngalawa ndogo isiyo na nahodha, ya kupima tope la maji kwenye mdomo wa mto Sabaki. Mvua kubwa zikinyesha bara, mto huo huteremsha udongo mwekundu mpaka bahari ya Malindi ikageuka kahawia, na wanafunzi walitaka kuupima mgeuko huo badala ya kuutazama tu. Ngalawa ilikuwa na mbawa mbili za mbao za kuizuia isipinduke na mota mbili nyuma. Mota moja ikipunguzwa kasi, chombo hukata kona kuelekea upande huo. Kihisi cha tope kilikuwa taa na jicho la kupokea mwanga vinavyotazamana ndani ya maji: mwanga ukipungua, tope limezidi.

Yapo mambo mawili ambayo wakati ule hakuna aliyeyajali. Programu ya ngalawa ilikuwa kwenye laptopu ya Mlezi peke yake. Na klabu haikuwa na kamati, wala akaunti, wala orodha ya nani hufanya nini. Kila kitu kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Yaliyotokea

Wanafunzi ndio waliotangulia kuona. Mlezi, ambaye hakuwahi kufundisha ameketi, alianza kuvuta kiti. Viatu vikambana kwa sababu miguu ilivimba. Akawa anajikuna mikono mpaka inatoka alama, na siku moja alisinzia akiwa ameshika chuma cha kuunganishia waya. Alikuwa na presha kwa miaka, na dawa alinunua pale tu alipojisikia vibaya. Presha isiyodhibitiwa, pamoja na kisukari, ndivyo vyanzo vikubwa vya figo kufeli, na figo huharibika kimya kimya: mtu huweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi yake bila maumivu yoyote.

Alianguka kibandani katikati ya wiki. Kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, kilionyesha kwamba figo zimechoka kabisa, akapelekwa Mombasa, takriban kilomita 120 kutoka Malindi. Huko akawekewa mpira wa shingoni na kuanza kusafishwa damu kwa mashine.

Habari zilifika klabuni siku hiyo hiyo, na klabu ikainuka yote kwa mara moja. Yaliyofuata katika majuma yale ya kwanza yalifanywa kwa mapenzi makubwa, na baadhi yake yaliumiza.

La kwanza ni picha. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alikwenda kumtazama akiwa na wazazi wake, akampiga picha kitandani, mpira ukiwa shingoni, akaiweka kwenye kundi la WhatsApp na maneno "Tumuombee Mwalimu wetu." Jioni picha ilikuwa kwenye makundi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mwanachama wake. Mama mzazi wa Mlezi yuko kijijini na ni mtu mzima sana. Ndugu walikuwa wamekubaliana kwamba mwanawe mkubwa aende amweleze taratibu, ana kwa ana. Jirani alimtangulia na simu. Bibi huyo naye alilazwa zahanati usiku ule kwa presha.

La pili ni michango. Wanafunzi walikuwa na mkebe. Wazazi walikuwa wakituma kwa simu ya mzazi mmoja. Mafundi wa mtaa wake walikuwa na daftari lao. Kisha ikaibuka ya nne: mtu asiyejulikana alichukua ile picha, akaandika namba yake ya simu chini, akaanza kuomba. Walioibiwa walikuwa watu wema waliotaka kusaidia.

La tatu ni madafu. Hapa Pwani, mgonjwa akirudi nyumbani hupelekewa madafu. Ni heshima, na kwa homa au tumbo la kuharisha ni kinywaji kizuri. Mlezi aliporudi Malindi, wanafunzi walichanga, wakanunua mzigo mzima, wakaushusha kwa tuktuk mlangoni. Mkewe aliwapokea vizuri, akawakalisha, akawapa chai. Halafu akasema, "Wanangu, ahsanteni sana. Msinione vibaya. Haya Mwalimu wenu hayanywi tena, yatamuua." Kikombe kimoja cha maji ya dafu kina takriban miligramu 600 za potasiamu. Figo nzima huitoa kwenye mkojo. Figo iliyokufa huiacha kwenye damu, ikarundikana mpaka mashine ijayo, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo hata kuusimamisha. Ndizi, maembe, viazi na maharagwe vina hesabu hiyo hiyo, na maji yote ya siku hupimwa, chai na mchuzi vikiwemo. Watoto walitoka pale wengine wakilia. Wawili waliomba ruhusa ya kubaki ili Mama awafundishe anachokula.

Maamuzi na sababu zake

Baada ya picha na ule wizi, wazazi waliitisha kikao. Iliundwa kamati ya watu watano: wazazi wawili, mwalimu mmoja, kaka wa Mlezi kwa niaba ya familia, na mwanafunzi mmoja kama katibu. Katibu aliandika kila kitu ila hakugusa fedha, kwa sababu mtoto akishika pesa za watu wazima, siku hesabu ikipotea yeye ndiye atakayetiliwa shaka. Mikebe na madaftari vilikusanywa vikawa mfuko mmoja wenye watu wawili wa kuidhinisha matumizi.

Habari za ugonjwa ziliwekewa sharti: haitoki taarifa ambayo Mlezi hajaisikia na kuikubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti, lakini kilichowafikisha watu hapo kilikuwa Bibi kijijini. Yule kijana wa picha hakuadhibiwa. Alipelekwa na baba yake kumwomba radhi Mlezi, akasamehewa, na hatimaye akawa mwandishi wa taarifa za kamati. Nadhani huo ulikuwa uamuzi wa busara: hakuna aliyezisoma taarifa zile kwa uangalifu kama yeye.

Kuhusu fedha, watu wengi walitaka ifanyike harambee kubwa ya kupandikiza figo. Mzazi mmoja, mama anayeshughulika na mahesabu ya duka, aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: mchango wa Mlezi wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, umelipwa? Haukuwa umelipwa. Kisa hiki kilitokea baada ya 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya. Kwa utaratibu huo, kaya isiyo na mshahara hukadiriwa asilimia 2.75 ya kipato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na wakati ule ilitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mlezi alikuwa amejisajili tu, kama walivyofanya mafundi wengi. Fedha za kwanza za kamati zilikwenda huko, na tangu hapo gharama ya mashine ikabebwa na bima. Uamuzi huu ulimfaa mgonjwa kuliko mwingine wowote, na haukuhitaji hata robo ya kilichokuwa kimekusanywa.

Kilichobaki kilikuwa nauli, chakula, baadhi ya dawa, na kibanda kilichofungwa. Damu yake husafishwa mara mbili kwa wiki, takriban saa nne kila mara, na kazi hiyo haina siku ya mwisho isipokuwa figo nyingine ipatikane. Kamati iliona kwamba harambee ya siku moja haitoshi ugonjwa wa miaka. Ikagawa zamu. Familia 30 zikigawana wiki 52, kila moja haipati hata wiki mbili kwa mwaka. Kwenye wiki yake, familia hulipa nauli na kutoa mtu mmoja wa kukaa naye kwenye mashine. Mafundi wenzake walikifungua kibanda kwa zamu na faida wakaipeleka kwa mkewe.

Mashindano yalikuwa karibu, yale ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari yanayoanzia kaunti ndogo. Baadhi ya wanafunzi waliona ni kukosa adabu kwenda ilhali Mwalimu yuko kwenye mashine. Mlezi alipoulizwa alijibu neno moja: "Nendeni."

Ila walikwama. Ngalawa, ikiwekwa majini, ilikwenda kidogo kisha ikakata kushoto na kuzunguka pale pale. Walidhani ni programu, na programu waliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani. Mkewe alikuwa ameweka sharti kwamba mtu asimpigie simu akiwa kwenye mashine. Akitaka mazungumzo, atapiga mwenyewe. Jumamosi moja alipiga. Saa zile nne ni ndefu, alisema, na alikuwa amechoka kutazama dari.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Wekeni simu karibu na mota, moja moja. Msiseme kitu."

Akasikiliza ya kulia. Akasikiliza ya kushoto. Akarudia ya kulia.

"Ya kushoto inakohoa. Programu haina kosa, iacheni. Zimeni kwanza. Haya, ng'oeni waya mniambie rangi mnayoiona."

Ilikuwa kijani. Hewa ya chumvi ilikuwa imeila shaba kwenye kiungo, umeme ukawa unapita kwa kusuasua, mota ya kushoto ikadhoofika na chombo kikavutika upande ule. Akawaelekeza wakate kipande kilicholiwa, wasugue kiungo kwa mswaki mkuukuu na spiriti, waunge upya kwa risasi ya kuunganishia waya, kisha wapake rangi ya kucha isiyo na rangi ili hewa ya bahari isipenye tena. Msichana mmoja alikimbia nyumbani kuichukua ya dada yake. Mlezi alingoja kwenye simu mpaka mota ikaguruma sawasawa, akacheka, akakata. Muuguzi alimwambia mkewe baadaye kwamba siku ile hakuuliza saa hata mara moja.

Lipo lililokuwa zito kuliko yote. Mwanafunzi wa kidato cha nne, mwenye miaka 17, alimwendea Mama faragha akasema, "Nichukueni figo moja, mimi ni mzima." Figo haitolewi na mtu wa chini ya miaka 18, kwa hiyo kisheria mjadala ulikuwa umekwisha. Kamati ilikwenda mbele zaidi: mwanafunzi yeyote, hata aliyetimiza 18, asizungumziwe suala la kutoa figo, maana mwanafunzi hana uhuru kamili wa kumkatalia mwalimu wake. Mlezi alimwita kijana pamoja na baba yake, akamshika mkono, akamwambia maneno ambayo sikuyauliza.

Matokeo

Ngalawa ilifika ngazi ya kaunti, ikaishia hapo. Mlezi yu hai. Sasa ana fistula kwenye mkono wa kushoto, yaani mshipa wa ateri na wa vena vimeunganishwa chini ya ngozi ili sindano za mashine zipate njia, na mpira wa shingoni umetolewa. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, hauinui kitu kizito wala haulaliwi. Kila asubuhi huupapasa kuhakikisha mshipa unatetema, dalili kwamba damu inapita. Wanafunzi wote wanajua: akija Jumamosi, sanduku la vifaa hubebwa na mwingine, bila kumwuliza.

Huja Jumamosi ambazo mwili unamruhusu. Wanaoanza hufundishwa na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu, na programu zote zimenakiliwa mahali patatu. Kaka yake anaendelea na vipimo vya kuona kama anafaa kutoa figo.

Uchambuzi

Kilichofaulu kilianza pale watu walipouliza badala ya kukisia. Swali la SHA liliulizwa na mtu mmoja, katika kikao kilichokuwa na shauku kubwa ya kuchanga, na lingeweza kumezwa na shauku hiyo. Klabu nyingine ikifikwa na jambo kama hili, ningependa swali la bima liulizwe siku ya kwanza, kabla ya mkebe kupitishwa. Vivyo hivyo chakula: wale wawili waliobaki kujifunza na Mama ndio walioandika karatasi ya vyakula iliyobandikwa mlangoni, na kila mgeni huisoma kabla ya kubisha.

Simu ya mota nayo ina la kutufundisha. Watu wengi wazima walitaka Mlezi apumzishwe na kila kitu, na nia yao ilikuwa njema. Yeye hakutaka kuwa mgonjwa tu. Sharti la mkewe, kwamba apige yeye, lilimwachia hiari: siku akiwa hoi, kimya chake hakimkwazi mtu. Kama kamati ingepanga ratiba ya simu, hata ya dakika kumi, ingekuwa kazi nyingine ya kumchosha.

Kushindwa kwa picha kunaeleweka, na kulirekebishwa. Kushindwa ambako hakukuonekana ndiko kunakoniuma mpaka leo. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliacha kuja. Ilidhaniwa ana mitihani. Majuma yalipita kabla rafiki yake hajasema kwamba baba yake yule msichana alifariki kwa ugonjwa wa figo mwaka uliotangulia. Kila Jumamosi ilikuwa ikifunguliwa kwa taarifa ya Mwalimu: uzito wake, presha yake, mashine ilikwendaje. Kwa wengine ilikuwa faraja. Kwake ilikuwa kuuguza baba upya, mbele ya darasa. Kamati nzima ilikuwa ikimtazama mgonjwa, na hakuna aliyepewa kazi ya kuwatazama watoto.

Baada ya hapo taarifa za ugonjwa zilihamishiwa kwenye kundi la watu wazima, na mwanafunzi anayetaka kujua huuliza. Mwalimu mmoja mwenye mafunzo ya ushauri nasaha hukaa saa ya mwisho ya Jumamosi kwenye chumba cha pili, mlango ukiwa wazi. Msichana alirudi baada ya Mlezi mwenyewe kumtumia ujumbe kupitia mama yake. Hajawahi kukaa kwenye zamu ya mashine, na hajaombwa.

Zamu zenyewe zilipata mtikisiko ambao hakuna aliyeuona ukija, na ni wa Malindi hasa. Wazazi wengi wanategemea hoteli na wageni. Kuanzia Desemba wana pesa lakini hawana nafasi, na mara tatu mfululizo Mlezi alikwenda kwenye mashine peke yake. Mvua za masika zikianza wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga, watu wana nafasi tele lakini nauli haipo. Kamati iliipanga upya orodha kwa majira: wakati wa wageni, wanaokaa naye ni walimu walio likizoni na mafundi, na watu wa hoteli huweka fedha za ziada mfukoni. Wakati wa mvua, nauli hutoka kwenye akiba hiyo, na watu wa hoteli ndio wanaokaa kitini pembeni ya mashine. Orodha mpya imepita msimu mmoja mzima bila wiki kuachwa wazi.